Menyu ikikatika, pesa iko wapi? Semina ya chuo yafika mpakani

MFANYABIASHARA anayelipa ada ya chuo kwa faida ya magunia ya vitunguu huwa na habari mbili tu za uhakika kuhusu masomo ya mwanawe: tarehe ya mwisho ya kulipa, na kwamba mtoto "anasoma kompyuta". Kisha siku moja, katikati ya kupakia mzigo, simu inaita. Kuna semina. Inatakiwa hela ya kuchapa ripoti, kufunga jalada na kifurushi cha intaneti cha wiki mbili. Mzazi anatuma, huku akijiuliza ni semina gani hiyo inayokula karatasi 40.

Swali hilo ni la haki. Kwa watu wengi semina ni ukumbi, posho ya siku na chakula cha mchana. Semina ya chuoni haina posho. Ni somo lenye alama zake: mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya kompyuta, mawasiliano au uhandisi anachagua teknolojia moja, anaisoma kwa wiki kadhaa, anaiandikia ripoti, kisha anasimama mbele ya wahadhiri na wenzake kwa dakika 15 au 20 kuieleza na kujibu maswali. Kila chuo kina kanuni zake za urefu wa ripoti na mgawanyo wa alama, lakini umbo la kazi halibadiliki sana ukivuka mpaka.

Isichanganywe na mradi wa mwaka wa mwisho. Kwenye mradi mwanafunzi anatengeneza kitu. Kwenye semina hatengenezi; anathibitisha kwamba amekielewa kitu kilichotengenezwa na wengine, na kwamba anaweza kumfanya mtu mwingine akielewe. Wanafunzi wengi huidharau kwa sababu hiyo, wakaiachia wiki mbili za mwisho. Hapo ndipo alama zinapopotea, na wakati mwingine si alama peke yake.

Vijana hawa baada ya miaka mitatu au minne ndio wanaoajiriwa kuandika menyu za kutumia pesa kwa simu, mifumo ya forodha na programu za kufuatilia mizigo. Aliyezoea chuoni kueleza teknolojia kama inavyofanya kazi siku ambayo mtandao hausumbui, ndivyo atakavyoijenga akipata kazi. Anayelipa gharama ya kosa hilo ni yule aliyesimama Namanga saa kumi na mbili jioni, lori limeshapakiwa, dereva anapiga honi, mnunuzi anaapa kwamba ameshatuma, na simu ya muuzaji haijalia.

Mada pana, ripoti nyembamba

Kazi ya kwanza ni kuchagua mada, na ndiyo inayoharibu semina nyingi kabla hazijaanza. Orodha za mada zinazopelekwa kwa wasimamizi zinafanana: akili unde barani Afrika, usalama wa mtandao, huduma za fedha kwa simu. Hizo ni maktaba nzima. Mwanafunzi anayeandika juu ya "huduma za fedha kwa simu Afrika Mashariki" ataishia kusema kwamba zimerahisisha maisha, jambo ambalo hata anayeuza vocha analijua.

Tuchukue mfano wa binti anayesoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Tanzania, ambaye mama yake anapeleka vitunguu Kenya kupitia Namanga. Akienda kwa msimamizi na mada hiyo pana, msimamizi mzuri atamuuliza: huduma ipi, kwenye simu ipi, hatua ipi? Binti atasema menyu ya kitochi, ile ya kubonyeza nyota na reli. Hatua ipi? Hapo atakwama, na kukwama huko kuna faida, maana sasa ana cha kutafuta.

Akimpigia mama yake, jibu litapatikana kabla salio halijaisha. Mama hana shida na menyu ikifanya kazi. Shida yake ni inapokatika. Ameshaweka namba, ameshaweka kiasi, ameshaweka namba ya siri, kioo kinaandika kwamba kuna tatizo la mtandao. Je, pesa imeenda au haijaenda? Akituma tena, huenda ametuma mara mbili kwa mtu ambaye yuko upande wa pili wa mpaka na hana haraka ya kurudisha. Asipotuma, huenda mwenye mzigo anampa mnunuzi mwingine.

Hiyo ndiyo mada: kikao cha menyu kikikatika baada ya namba ya siri kuingizwa, muamala uko katika hali gani, na mtumiaji afanye nini? Ina maneno machache, lakini inatosha ripoti nzima na inabaki ya kujibu maswali.

Simu ya maongezi na barua kwa mlinzi

Kuielewa kunaanza na jinsi menyu inavyosafiri. Teknolojia yenyewe inaitwa USSD. Mtu akibonyeza *150*00#, kwa mfano, simu haitumii intaneti. Inafungua kikao na kompyuta ya kampuni ya simu kwa kutumia njia zile zile zinazobeba taarifa za mtandao wa kawaida wa simu. Ndiyo maana inafanya kazi kwenye kitochi kisicho na kifurushi chochote. Kioo kimoja kinabeba herufi zisizozidi 182, ndiyo maana maelezo yake ni ya mkato namna ile.

Jambo kubwa ni kwamba kikao hakihifadhiwi. Ni kama watu wawili wanaoongea kwa simu: laini ikikatika, neno lililokuwa njiani limepotea. Ujumbe mfupi wa maandishi ni tofauti. Wenyewe ni kama barua iliyoachwa kwa mlinzi wa geti. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe unasubiri kwenye kituo cha kampuni mpaka simu iwashwe.

Sasa muamala. Kabla ya namba ya siri kuingizwa, mfumo wa malipo haujapewa amri yoyote. Kikao kikikatika hapo, hakuna kilichotokea. Namba ya siri ikishapokelewa, mfumo unafanya kazi yake ya kitabu: unatoa kwenye akaunti moja na kuweka kwenye nyingine, vyote kwa pamoja au visifanyike kabisa. Kisha unatuma majibu. Majibu yanarudi kwenye kikao, na ujumbe mfupi unatumwa kwa njia yake. Ikiwa kikao kimekufa wakati majibu yako njiani, kioo kinaonyesha kosa ilhali pesa imeshaondoka. Kioo hakidanganyi, kinaeleza habari za kikao, si habari za pesa. Mtumiaji anasoma kimoja akidhani ni kingine.

Mpakani mambo haya yanatokea kirahisi zaidi. Simu iliyo upande wa Tanzania inaweza kushika mnara wa Kenya na kupokea salamu za kukaribishwa ugenini wakati mwenyewe hajainuka kwenye kiti. Laini mbili, minara ya nchi mbili, mtu anatembea kutoka kwa wakala kwenda kwenye lori huku anabonyeza: kikao kina sababu nyingi za kukatika.

Hapo pia ndipo mwanafunzi mvivu anapojulikana. Jina M-Pesa liko pande zote mbili za Namanga, lakini huduma hazikujengwa kwa namna moja. Nchini Kenya, ilipozinduliwa Machi 2007, menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe na maagizo yakasafiri kwa ujumbe uliofungwa kwa siri. Njia ya *334# ilikuja baadaye. Upande wa Tanzania watu wamezoea *150*00#. Ripoti inayosema "M-Pesa hutumia USSD" bila kusema ni upande upi na menyu ipi, imeandikwa na mtu aliyenakili. Mhadhiri mmoja makini akiuliza, semina nzima inayumba.

Majenerali wawili

Ripoti ya semina inatakiwa iwe na nadharia, na hapa ipo ya kutosha. Wataalamu wa kompyuta wana fumbo la zamani. Majenerali wawili wamepiga kambi kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni katikati yao. Wakishambulia pamoja watashinda. Akishambulia mmoja peke yake ataangamia. Hawana njia ya kuwasiliana isipokuwa tarishi anayepita bondeni, na anaweza kukamatwa. Wa kwanza anatuma: kesho alfajiri. Hathubutu kutoka mpaka ajue ujumbe umefika. Wa pili anajibu: nimeupata. Lakini sasa yeye ndiye asiyejua kama jibu limefika, na anajua mwenzake hatatoka bila jibu. Wa kwanza akituma uthibitisho wa uthibitisho, shaka inarudi kwake. Matarishi wanaweza kutembea mwaka mzima bila yeyote kupata uhakika kamili.

Tatizo hili lilielezwa na Akkoyunlu, Ekanadham na Huber mwaka 1975, na Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata, akalitumia kwa sura ya majenerali mwaka 1978. Limethibitishwa kwamba halina suluhisho. Palipo na njia inayoweza kupoteza ujumbe, pande mbili haziwezi kufikia uhakika wa pamoja kwa kutumiana ujumbe peke yake, hata ziongezwe thibitisho ngapi.

Mama wa vitunguu na kompyuta ya kampuni ya simu ni majenerali hao. Yeye yuko kilima kimoja na kitochi chake, kompyuta iko cha pili, bonde ni mnara unaoyumba. Binti akilieleza hivyo mbele ya darasa, hata wale wanaosinzia nyuma wataelewa kwa nini hakuna kampuni inayoweza kuahidi kwamba menyu haitakatika mahali pabaya.

Kwa kuwa uhakika haupatikani, wahandisi wanatafuta kitu kingine: kufanya kutuma tena kusiwe na madhara. Kila agizo linapewa namba yake ya pekee kabla halijatumwa. Agizo lile lile likifika mara ya pili na namba ile ile, mfumo unajibu kwamba kazi hiyo imeshafanyika na haugusi pesa. Ni sawa na mwenye ghala anayetazama namba ya hati ya mzigo kabla ya kutoa gunia: hati moja haitoi mzigo mara mbili, hata iletwe na watu watatu.

Ugumu unabaki kwa binadamu. Anapopiga menyu upya, mfumo unaona agizo jipya lenye namba mpya, hauna njia ya kujua kwamba moyoni mwake ni lile lile. Ndiyo maana baadhi ya mifumo huzuia au hutilia shaka muamala wa kiasi kile kile kwenda namba ile ile ndani ya dakika chache. Inakera kwa mtu anayetaka kweli kulipa mara mbili. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, kero hiyo ni nafuu kuliko kumtafuta mtu Kajiado.

Betri inachomoka

Semina si utafiti mkubwa, lakini jaribio dogo la mikono ya mwanafunzi mwenyewe linaitofautisha ripoti yake na nyingine zote kwenye rafu. Jaribio la mada hii halihitaji maabara. Zinahitajika laini mbili, vitochi viwili, daftari, saa, na hela kidogo ya makato. Atume Sh1,000 mara 20. Mara tano akate kabla ya kuweka kiasi, mara tano kabla ya namba ya siri, mara kumi papo hapo baada ya namba ya siri. Kukata ni rahisi: kitochi kina faida ambayo simu janja nyingi za sasa hazina, betri inachomoka.

Kila mara aandike mambo manne. Kioo kilisema nini? Salio lilisema nini baada ya simu kuwashwa? Ujumbe ulifika saa ngapi? Pesa ilionekana upande wa pili au la? Jedwali la mistari 20 linajaza ukurasa mmoja na lina thamani kuliko kurasa kumi za historia ya simu duniani, ambazo kwa bahati mbaya ndizo zinazotangulia kwenye ripoti nyingi.

Kuna mtego mmoja. Tuseme mara 3 kati ya 10 kioo kilionyesha kosa na pesa ikawa imeenda. Mwanafunzi atatamani kuandika kwamba asilimia 30 ya miamala inayokatika Afrika Mashariki inakuwa imekamilika. Hapana. Ni mara 3 kati ya 10, kwenye mnara mmoja, kampuni moja, Jumamosi mchana. Inathibitisha kwamba jambo hilo linatokea. Haithibitishi linatokea mara ngapi. Jopo lenye uzoefu linamsikiliza mwanafunzi hapo kuliko mahali pengine popote.

Mwanafunzi anapokuja kibandani

Baada ya jaribio, au kabla yake, ni vizuri mwanafunzi akaongee na wanaotumia. Historia ya huduma hizi yenyewe inasema hivyo. Majaribio ya M-Pesa mwaka 2005, Thika ikiwa mojawapo ya maeneo, yalilenga marejesho ya mikopo midogo midogo. Watu wakaanza kuitumia kwa shughuli zao: kutumiana, kuhifadhi pesa wakiwa safarini. Waliobuni walijifunza bidhaa yao kwa kuwatazama wateja.

Kwa hiyo mfanyabiashara asishangae akifuatwa na kijana mwenye daftari. Wa kweli atakuwa na kitambulisho cha chuo na barua ya utambulisho, ataeleza anachosoma na atakubali kuambiwa hapana. Hatashika simu ya mtu. Hatapiga picha kioo chenye salio au majina ya wateja. Hatauliza namba ya siri hata kwa utani. Anayeuliza namba ya siri si mwanafunzi, hata awe na barua tatu. Sheria nazo zimeshafika: Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Jina la mtu na namba yake ya simu haviingii kwenye ripoti ya semina bila ridhaa yake, na kwa mada hii havihitajiki kabisa.

Kwa upande mwingine, mfanyabiashara ana mengi ya kutoa ambayo hayamo kwenye vitabu. Yupo anayemtaka mnunuzi atume kwanza kiasi kidogo cha kujaribia njia kabla ya kutuma kikubwa. Yupo asiyetoa mzigo kwa ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi, kwa sababu ujumbe unaweza kughushiwa. Anaingia kwenye menyu yake mwenyewe kutazama salio. Yupo anayeandika namba ya muamala kwenye daftari kando ya idadi ya magunia. Hawaiti hivyo, lakini wanachofanya ni kuthibitisha mwisho wa safari badala ya kuamini njia, na hiyo ni kanuni ya uhandisi inayofundishwa darasani. Kijana akiiona kibandani kwanza, hataisahau.

Lugha nayo ni kazi. Semina katika vyuo vingi vya ukanda huu hutolewa kwa Kiingereza, na kibandani watu wanaongea Kiswahili, lugha ambayo mwaka 2021 Wakuu wa Nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia iwe lugha rasmi ya Jumuiya. Mwanafunzi aliyesikia "menyu imekatika" lazima aamue: kikao ndicho kilichokufa, mtandao umepotea, au mfumo umekataa? Mama anasema neno moja kwa mambo matatu. Kuyatenganisha ni nusu ya ripoti.

Karatasi 40

Kuandika kuna utaratibu unaojulikana: ikisiri ya nusu ukurasa, utangulizi unaotaja swali, maelezo ya teknolojia, jaribio na matokeo, mjadala, hitimisho, marejeo. Ikisiri inakaa mwanzo lakini huandikwa mwisho. Sura ya teknolojia ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu. Michoro ni bora aichore mwenyewe. Mchoro ulionakiliwa mara nyingi una mshale mmoja ambao mwanafunzi hawezi kuueleza, na jopo lina jicho la ajabu kwa mshale huo.

Kudesa ndilo donda. Zamani ilikuwa ripoti ya kaka aliyemaliza mwaka juzi, jina likabadilishwa kwenye jalada. Sasa kuna programu za akili unde zinazotoa kurasa 30 zilizonyooka kabla chai haijapoa, na wapo wanaolipa kuandikiwa. Vyuo vingi vina programu za kukagua wizi wa maandishi, lakini kinachomkamata mwanafunzi hasa ni swali la pili. Swali la kwanza anaweza kuwa amelikariri. La pili linatoka kwenye jibu lake mwenyewe, na ripoti ya kununua haina jibu la pili. Mzazi aliyelipa ada kwa magunia ana haki ya kuuliza, kwa upole tu: mwanangu, hiki ulichoandika unaweza kunieleza mimi? Akiweza bila kukimbilia maneno ya Kiingereza, aende akasimame. Akishindwa, bado kuna wiki.

Dakika 20

Siku yenyewe hupita haraka. Slaidi kumi zinatosha. Ishirini ni mbio. Slaidi iliyojaa maandishi inamfanya mzungumzaji asome, na akishaanza kusoma amewapa mgongo watu. Nakala ya kazi iwe kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe, kwa sababu projekta za vyuo na umeme wetu vinajulikana. Mazoezi yafanywe kwa sauti, saa ikiwa mezani, angalau mara tatu. Anayefanya mazoezi kimoyomoyo hugundua kwamba dakika 20 zimeisha akiwa bado kwenye utangulizi.

Binti wa mfano wetu angeanza wapi? Si kwa maana ya teknolojia wala historia yake. Angeanza kwa lori lililopakiwa na kioo kinachosema kuna tatizo la mtandao, kisha swali: pesa iko wapi? Dakika tano za jinsi kikao kinavyokwenda, dakika tatu za majenerali, dakika tano za jedwali la mistari 20, na zinazobaki kwa ushauri. Jopo likiuliza jambo asilolijua, aseme hakulipima na aeleze angelipimaje. Hilo linalipwa alama. Kubahatisha mbele ya watu wanaofundisha somo hilo hakulipwi.

Ushauri wenyewe unaingia kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ndiyo inayostahili kurudi kibandani kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani kwa wakala. Menyu ikikatika kabla ya namba ya siri, anza upya bila hofu. Ikikatika baada ya namba ya siri, usitume tena: tazama salio kwanza, kisha taarifa fupi ya miamala kama menyu inayo, na usubiri ujumbe. Salio limepungua, basi pesa imetoka. Chukua namba ya muamala umpe mpokeaji. Salio halijapungua na dakika kadhaa zimepita bila ujumbe, ndipo urudie. Umekosea namba, piga huduma kwa wateja mara moja, kabla aliyepokea hajatoa.

Kuna pembe moja ambayo semina ya dakika 20 haiwezi kuimaliza. Yote yaliyosemwa hapa yanahusu kitabu kimoja cha hesabu, pesa inapotoka na kuingia ndani ya mtandao mmoja. Mwaka 2014 Tigo iliunganisha Tanzania na Rwanda kwa kutuma pesa kati ya nchi huku fedha ikibadilishwa njiani, na mwaka 2015 watumiaji wa M-Pesa wa Kenya na Tanzania nao wakaweza kutumiana. Hapo vitabu ni viwili, kampuni mbili, sarafu mbili. Pesa inaweza kuwa imetoka upande mmoja na haijaandikwa upande wa pili, na shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Tanzania haikai mahali pamoja. Muamala ukikwama katikati kwa saa sita kisha ukarudishwa, utarudishwa kwa kiwango cha asubuhi au cha jioni, na tofauti itakuwa ya nani?